Kiti cha Katikati

Kama ulitaka kumkasirisha Fundi, ungemwambia tu kwamba kiti cha boti ni mahali pa kukaa. Angeweka nyundo chini, angekutazama kama mtu uliyemtukania mama yake, halafu angekuuliza umekuja mwaloni kufanya nini.

"Kiti si cha makalio," alikuwa akisema. "Makalio yanaweza kukaa hata juu ya gunia la mkaa. Kiti ni mkono. Kimeshika ubavu wa huku na ubavu wa kule zisiachane. Ukikaa, sawa, umekaa. Lakini hakikutengenezwa kwa ajili yako."

Maneno hayo niliyasikia mara nyingi kiasi kwamba niliweza kuyasema pamoja naye, na nilipofanya hivyo alikasirika zaidi. Mwaloni kwetu hapa Mwanza, pale boti zinapofikia, hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Fundi, basi. Mafundi wengine walikuwepo, tena wengi, lakini hao walihitaji kuongezewa kitu: fundi wa injini, fundi wa nyavu, fundi yule mwenye gari jekundu. Yeye hakuongezewa kitu.

Mimi ni Mama Koku, mwenye boti ya abiria. Niliachiwa na marehemu mume wangu, na tangu siku hiyo nimejifunza kubishana na wanaume wa mwaloni bila kupandisha sauti sana. Daraja jipya la kuvuka ziwa limewachukua abiria wengi waliokuwa wakienda Sengerema mjini, lakini visiwani hakuna daraja, kwa hiyo boti kama yangu bado ina kazi. Inabeba watu wanaokwenda gulioni, wagonjwa, walimu wanaorudi vituoni, magodoro, simenti, mbuzi. Wengi wao nawajua kwa majina. Ikitokea boti hiyo ikafunguka ziwani, sina pa kuuweka uso wangu hapa duniani.

Na mwaka jana fremu za viti zilioza. Si mbao za juu, hizo zilikuwa bado zinang'aa kwa sababu nguo za abiria huzipiga msasa kila siku. Zilioza chini, pale maji ya kusafishia yanapokaa na hakuna anayeinama kutazama. Masalu, nahodha wangu, aliingiza bisibisi kwenye goti la kiti cha katikati, ule ubao uliopinda unaokifunga kiti kwenye ubavu wa boti, na bisibisi ikaingia mpaka mpini.

Mtu pekee niliyemwamini kwa kazi hiyo alikuwa Fundi. Lakini nilikuwa nimeshamwona akimimina chai pembeni ya kikombe.

Ngoja niseme alivyokuwa kwanza, nisije nikamfanya aonekane mtu wa kuhurumiwa. Hakuwa wa kuhurumiwa hata kidogo. Alikuwa na mdomo mchafu na majivuno ya kutosha wanaume watatu. Alipaka nywele piko, nyeusi tii, na akija kazini kutoka Kisesa kwa bodaboda alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Shati hilo alilivua, akalitundika kwenye mti wa kufungia boti, akafanya kazi na fulana iliyochanika, na jioni akalivaa tena ili watu wa Kisesa wamwone amerudi kama alivyotoka. Nilimuuliza siku moja kwa nini mtu anayechukia rangi kwenye mbao anapenda rangi kichwani.

"Kichwa changu hakibebi abiria," alinijibu.

Rangi aliichukia kweli. Alisema rangi ni ya kuficha uongo. Akimaliza kazi alikukabidhi boti ikiwa na mbao tupu, ukapake mwenyewe, na siku unayopaka yeye hakanyagi hapo. Mteja mmoja, bwana wa Nyamagana mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimletea ndoo za rangi na sponji za kuweka juu ya viti, akitaka boti yake iwe na raha kama gari. Fundi aliipokea ile sponji, akaibonyeza bonyeza, akamrudishia.

"Godoro kaweke kitandani kwako, bwana. Huku mimi nataka nikitazama nione ubao."

Yule bwana aliondoka amenuna, na wiki iliyofuata alirudi bila sponji. Hivyo ndivyo walivyokuwa wateja wake: walinuna, kisha wakarudi.

Kitu ambacho watu hawakukielewa ni kwamba aliogopa maji. Hakujua kuogelea, na hakuona aibu kusema. Alitengeneza boti zinazovuka ziwa kila siku, ila yeye mwenyewe akitaka kwenda ng'ambo alizunguka kwa barabara, au zamani alipanda kivuko kikubwa akasimama katikati, karibu na malori, amefumba macho. Maji yakifika kwenye vifundo vya miguu alirudi nyuma. Wavuvi walimcheka. Aliwaambia kwamba wao ndio wanaopaswa kuogopa, kwa sababu yeye anajua ndani ya boti zao kuna nini.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja kwa ajili ya mtu yeyote: kiti kimoja kitoke, kiti kimoja kiingie. Hata kama vyote vimeoza, hata kama una haraka gani, hang'oi cha pili kabla cha kwanza hakijafungwa. Boti kuukuu ukiivua viti vyote kwa mpigo, mbavu zinalegea, zinafunguka kidogo kidogo kuelekea nje, na ukija kurudisha viti havifiki. Utaviongezea vipande, utapaka rangi, na wimbi la kwanza la maana litakuonyesha.

Sheria hiyo ndiyo iliyomgombanisha na mwenye mashine. Simtaji vinginevyo kwa sababu Fundi hakumtaja vinginevyo. Huyu alikuwa mwanafunzi wake. Alimfundisha kila kitu, mpaka yule bwana alipoota mvi zake mwenyewe, akafungua karakana ng'ambo ya barabara, akanunua msumeno wa umeme na randa ya umeme. Hilo Fundi angeweza kulisamehe. Lakini siku moja mwenye mashine aling'oa viti vyote vya boti ya mtu kwa asubuhi moja, mwenye boti akiwa na haraka, na mbavu zikafunguka. Hakuna aliyekufa, boti ilikuwa bado mchangani. Ila Fundi aliivuka barabara, akasimama mbele ya karakana, akamwambia mbele ya wateja wake kwamba hamjui. Tangu hapo alipita hapo kila siku ameutazama upande wa ziwa.

Kingine kilikuwa chakula cha viti. Kazi ikikamilika, mwenye boti alileta sato na ugali, na wote waliogusa kazi hiyo walikaa kwenye viti vipya, boti ikiwa bado juu ya magogo, wakala. Kiti cha katikati alikitafutia mtu mzito kuliko wote mwaloni. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Mama Neema, muuza dagaa, ambaye mwenyewe anasema Mungu alimpimia kwa debe. Fundi alimpelekea mwaliko kwa heshima zote, na Mama Neema alikuja na kanga yake nzuri, akakaa, akala, akajisogeza huku na kule makusudi. Fundi hakula. Alizunguka boti kwa nje akiwa ameinamisha kichwa, na mbao zisipolia, ndipo alipopanda naye akanawa mikono.

Basi nilimpa kazi yangu. Kabla ya kumpa nilimuuliza waziwazi, maana sipendi kuzunguka.

"Fundi, unaona vizuri?"

"Wewe nakuona umekonda."

"Sijakonda. Nimeongezeka."

"Basi unajipaka nini kinachokukondesha? Lete mbao, Mama Koku, acha maneno."

Nilicheka, na kucheka huko kulinimalizia maswali. Nilileta mvule mkavu kama alivyotaka. Alianza na viti vya nyuma, akaja mbele, akabakiza cha katikati mwisho. Nilishinda naye siku nyingi kuliko nilivyowahi kushinda na fundi yeyote, nikijidanganya kwamba nasimamia mali yangu. Kusema kweli nilikuwa na hofu. Nilimwona akipapasa ubao kwa kidole gumba kabla ya kuweka msumari. Nilimwona akiomba patasi iliyokuwa karibu na goti lake. Dada yangu alipopita kutusalimia, Fundi alimwitikia kwa jina langu, halafu akasema alikuwa akitania. Kila alipoinua msumeno nilisogea hatua moja karibu. Na kila alipomaliza kiti, nikakishika na kukitikisa, kilikuwa kimekaa barabara.

Kiti cha katikati ndicho kilichokuwa kigumu. Upande wa ndani boti yangu imefunikwa mbao, kwa hiyo mbavu zenyewe, zile nguzo zilizopinda zinazoshika umbo la boti, hazionekani. Fundi huchora mstari wa penseli juu ya zile mbao kuonyesha ubavu ulipo nyuma yake, na misumari ya goti lazima ifuate mstari huo. Ukiukosa, msumari unaingia kwenye ubao mwembamba tu na kushika hewa. Ukitazama kwa nje hutaona tofauti. Kiti kitakaa, kitapendeza, hata Mama Neema kitambeba, kwa sababu juu ya magogo boti haipindwi na kitu. Tofauti utaiona ziwani siku ya upepo, mbavu zikivutana na hakuna kinachozishika.

Alikimaliza siku ya Ijumaa. Nilikuwa nimeagiza sato. Alisema tumbo linamsumbua, tule bila yeye, akavaa shati lake akaondoka. Sikupika. Masalu alipaka rangi ya bluu Jumamosi, na Jumapili nikaenda misa nikashukuru kwa mdomo, moyo ukiwa umekataa kutulia.

Jumatatu asubuhi abiria walikuwa wameshapanda. Mama Neema alikuwa kwenye kiti cha katikati na matenga yake matupu, anakwenda kununua dagaa kisiwani. Alikuwepo mwalimu mwenye begi la karatasi za mitihani, mama na mtoto mgongoni, na vijana wawili waliokuwa wakibishana habari za mpira. Masalu alikuwa ameshawasha injini. Hapo bodaboda ikaja mbio mpaka mchangani, na Fundi akashuka kabla haijasimama. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo upande. Nywele hazikuwa na piko, zilikuwa nyeupe kwenye mashina. Hakusalimu mtu. Aliingia majini, maji yakapita vifundo, yakapita magoti, yakafika kiunoni, akashika ukingo wa boti kwa mikono miwili.

"Mama Koku, washushe watu."

"Fundi, heri na salama? Washuke kwa nini?"

"Washushe."

Abiria wakaanza kulalamika. Mmoja anataka kujua kama ni polisi, mwingine anasema ana msiba anauwahi. Nikapandwa na hasira. Boti ilikuwa imekaa bila kazi muda mrefu, watu walikuwa wameanza kuzoea kunikosa, na leo ndiyo siku ya kwanza.

"Fundi, boti umenikabidhi mwenyewe. Ulisema imekwisha."

"Nilisema."

"Sasa unataka nini? Unataka kunidhalilisha mbele ya watu wangu? Kama umezeeka kalale, usije kunivurugia hapa!"

Nilisema hivyo, na Masalu akazima injini. Fundi hakunijibu kwa hasira, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu sikuwahi kumtukana bila kurudishiwa.

"Misumari ya goti la katikati," alisema. "Sijui kama imeingia kwenye ubavu. Tangu Ijumaa naipiga upya kichwani na siioni inapoingia."

"Hujui vipi? Si ulipiga wewe?"

"Nilipiga. Mstari sikuuona. Nilipapasa, nikapiga." Akapandisha sauti, boti nzima ikasikia. "Sioni, Mama Koku. Uliponiuliza nilikudanganya."

Mpira wa wale vijana ukaisha. Mtoto mgongoni alikuwa akilia na mama yake hakumbembeleza. Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Neema.

"Kiti chenyewe si hiki nilichokikalia mimi? Nipisheni nishuke."

Walishuka wote. Hawakwenda mbali, walisimama mchangani na mizigo yao, maana watu wa mwaloni hawaachi jambo katikati. Tuliivuta boti juu ya magogo. Fundi alituamuru tuizungushie kamba, tuikaze mpaka ilie, na tuweke gogo ndani kuzuia mbavu zisiingie wala zisitoke. Ndipo Masalu akachukua mtaimbo.

Kiti kilikataa. Masalu ni mtu mwenye nguvu, lakini alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka na kiti hakikujongea. Wakaongezeka wale vijana wawili. Fundi alisimama pembeni, kichwa kimeinama, midomo inacheza. Sijui alikuwa akisali au akihesabu. Mwisho mvule ulipasuka kwa mlio uliosikika mpaka barabarani. Kiti kizuri kuliko vyote ndani ya boti ile kikatoka vipande vipande, na ubao wa ndani ukafuata. Nikainama kutazama ubavu.

Misumari yote ilikuwa imeingia. Ilikuwa imesimama katikati ya ubavu, mmoja chini ya mwingine, imenyooka, hakuna uliopotea hata upana wa ukucha.

"Imeshika!" nilipiga kelele. "Fundi, imeshika yote!"

Mama Neema akapiga kigelegele. Masalu alicheka huku akifuta jasho. "Fundi, hiki kilitaka trekta! Umetutesa bure, mzee wangu!" Watu wakacheka, mwalimu akapiga makofi. Mimi nilitaka kumkumbatia yule mzee na kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Furaha niliyoipata pale sijui niilinganishe na nini.

Yeye hakucheka. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamshika mkono, nikamwelekeza. Alipapasa kichwa cha kila msumari kwa kidole gumba, kutoka juu mpaka chini, halafu akarudia kutoka chini kwenda juu. Kisha akakaa mchangani, juu ya kipande cha kiti chake, suruali ikichuruzika maji.

"Ingekuwa imekosa ingekuwa nafuu," alisema taratibu. "Ningesema mkono bado unaniambia nikikosea. Sasa nimepatia, na sikujua. Nikipatia sijui, nikikosea sijui. Yote sawa kwangu."

"Nitakaa na wewe," nilimwambia. "Nitakuwa naona, wewe unapiga. Tutakirudishia pamoja."

"Na siku haupo?"

Watu walikuwa wameanza kutawanyika, wakisema watarudi boti ikiwa tayari. Alinyoosha mkono nimwinue. Nikamwinua.

"Nipeleke kwa mwenye mashine," alisema.

Tulivuka barabara ameshika kiwiko changu. Mashine ilikuwa ikinguruma, vumbi la mbao limejaa mlangoni. Yule bwana alipotuona aliizima. Alimtazama yule mzee mwenye shati lililofungwa upande na suruali iliyolowa, akajifuta mikono kwenye nguo zake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Fundi alikuwa ameelekeza uso kidogo pembeni ya mahali aliposimama yule bwana. "Boti ya Mama Koku haina kiti cha katikati. Nimeifunga kamba. Nenda kakiweke."

"Nitakwenda sasa hivi. Lakini twende wote, Fundi. Wewe utakaa hapo hapo karibu, nikikosea uniambie."

"Nitajuaje?" alisema Fundi.

Yule bwana aliinama, akaanza kuokota misumari iliyokuwa imetawanyika sakafuni, ingawa hatukuihitaji. Mimi nililia palepale mlangoni, mbele ya wateja wake, na sikujali nani ananiona.